Ndimu za Kuyeyusha Mikia

Kariandusi, kupitia Gilgil
4 Oktoba 1970

Dada Jerop wa ng'ambo,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto umeshika andazi na siwezi kuliweka chini, mbwa wa Ndung'u ananiangalia vibaya. Hapa sisi ni wazima. Mama ni mzima, ila mgongo unamsumbua akikama. Binti yako Wangare ni mzima, amepoteza meno ya mbele yote mawili, na nikimwita bibi kizee ananirushia kijiti. Amekuwa mjeuri. Baba yake hatumjui, kwa hivyo huo ujeuri lazima umetoka kwako.

Mimi nimeandikwa kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe. Nikitoka jioni, kichwa cheupe, nyusi nyeupe, watoto wa barabarani wanakimbia wakisema kuna mzungu settler amefufuka. Supavaiza alituambia huu udongo wote ni maganda ya vidudu vya ziwa la zamani, vidogo mpaka huwezi kuviona kwa macho. Wenzangu wakashangaa. Mimi nikamwambia, "Bosi, dada yangu huko Uingereza anasomea vidudu vilivyo hai. Hivi vilivyokufa hata mimi navimudu." Akanipa koleo kubwa zaidi. Unajua mimi nilitoka shule darasa la saba nikiwa bado na akili nyingi, ni vile tu hawakuwa na darasa la kuitosha.

Sasa jambo lenyewe. Homa ya matumbo imeonekana upande wa Elmenteita. Bwana afya alikuja na pikipiki, akatukusanya kando ya mfereji, akasema kila tone la maji lichemshwe. Mke wa Karanja akamuuliza, "Kwa kuni gani, bwana? Tuchome miguu yetu?" Si unajua tangu kampuni ya wanachama inunue hili shamba, kamati imekataza mtu kukata hata kijiti cha mti wa muwati. Mama anachemsha kwa magunzi ya mahindi na nyumba yote inalia moshi. Watu wananiuliza, dada yako anasomea vidudu, yeye anasemaje? Nimewaambia nitakuuliza. Basi andika, na uandike vitu vinavyoeleweka, usijionyeshe.

Na useme ni tarehe gani ya Desemba unakuja. Wangare anauliza mimi, mimi nauliza nani?

Ndugu yako, mweupe kuliko hao unaokaa nao,
Kang'ethe


Uingereza ya Kaskazini
8 Novemba 1970

Mpendwa Kang'ethe,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye baridi mlangoni, kwa sababu sikuweza kungoja mpaka nifike chumbani. Nilicheka peke yangu na mama mwenye nyumba akafungua pazia aone kuna nini. Mimi ni mzima. Msalimu mama yako, mama mdogo wangu, umwambie asikame akiwa ameinama sana. Mpe Wangare busu mahali pa meno.

Umeniambia niandike vitu vinavyoeleweka. Hapa ninasomea mkia. Usicheke. Kuna vijidudu vyenye mikia mirefu myembamba, vinaogelea kwayo. Kimoja ninachokifuga kwenye chupa ni ndugu wa kile cha homa ya matumbo. Mkia wake umejipinda kama skrubu ya kufungulia chupa, na umejengwa kwa kitu kimoja tu, punje za protini, zote sawa. Fikiria hindi zima lenye tundu katikati kama bomba: punje zimejipanga kuzunguka tundu hilo, safu kwa safu, mpaka juu.

Kila punje nayo ni kama mkufu mrefu wa shanga uliojikunjakunja. Ukibadilisha ushanga mmoja tu, punje inakunjika tofauti kidogo, na punje zote zikikaa pamoja mkia unatoka umenyooka kama msumari. Kijidudu kina mkia, kina nguvu, lakini kimekaa palepale. Sijui kwa nini kitu hicho kinanihuzunisha. Hakuna anayekubaliana na mwenzake kama mkia huo unapunga au unazunguka; wakubwa wanabishana chai ikipoa.

Kazi yangu ni kukata mikia na kuiyeyusha. Naongeza asidi kidogo, ukali wake kama maji ya ndimu, na mkia wote unabomoka na kuwa punje moja moja. Halafu naondoa ukali. Punje zinakaa tu majini, kama watu waliofika mkutanoni na mwenyekiti hajaja. Lakini nikitia kipande kidogo cha mkia mzima, zinakimbilia kwenye ncha yake na kujipanga zenyewe, bila mtu kuziamrisha. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nililia.

Mambo ya Desemba nitakuandikia baadaye.

Dada yako,
Jerop


Kariandusi
13 Desemba 1970

Kwa Daktari wa Mikia,

Habari za baridi? Hapa jua linachoma mpaka ziwa linanuka. Ng'ombe mmoja wa mama amezaa ndama dume, kwa hivyo mama amenuna kama ni mimi niliyemzaa. Wangare meno yanaanza kuchomoza. Ameniambia nikuandikie kwamba anajua kuandika jina lake lote na lako nusu.

Sasa kaa chini nikuambie nilivyofanya na ile barua yako, maana huku jina lako limekuwa kubwa na langu limekaa juu yake.

Jumapili baada ya kanisa nilisimama juu ya mkebe wa maziwa pale mferejini. "Wamama," nikasema, "kijidudu cha homa kina mkia. Bila mkia hakiendi popote. Na mkia unayeyuka kwa ukali wa ndimu. Sasa, nani anataka kulia moshi mpaka Krismasi?"

Mke wa Karanja akasema, "Hayo ni yako ama ni ya Jerop?"

"Mimi ni posta tu, mama." Nikasoma.

"Hebu soma tena hapo pa ndimu."

Nikasoma tena, kwa sauti ya padri. Mama yangu, mwenye kupenda kuniharibia, akauliza, "Na bwana afya je?"

"Bwana afya ana pikipiki, Jerop ana darubini. Ukitaka kwenda Nakuru mfuate bwana afya. Ukitaka kujua vidudu, sikiza mwanao." Watu wakacheka, na mama naye akacheka. Unajua yeye anakuamini wewe kuliko Biblia.

Kosgei wa lori ananiletea ndimu za Marigat. Tunakamua moja kwenye debe, tunangoja kidogo mikia iyeyuke. Halafu hapa nimetumia akili yangu mwenyewe, wewe hukuandika: kisicho na mkia hakiogelei, na kisichoogelea kinazama. Kwa hivyo tunachota maji ya juu na ya chini tunamwaga. Umeona? Darasa la saba hilo. Sasa mstari wote wa nyumba unafanya hivyo, mpaka ng'ambo ya mfereji, na ninaitwa Daktari. Hakuna moshi, hakuna kuni, na maji ni matamu.

Swali moja la kitaalamu: huo mkia unaota kama nywele, kutoka mzizini? Karanja anasema ndiyo, mimi nimesema hapana kwa sababu tu yeye amesema ndiyo. Nijibu haraka, heshima yangu iko hatarini.

Desemba ndiyo hii. Sikuoni.

Kang'ethe, Daktari


Uingereza ya Kaskazini
17 Januari 1971

Kang'ethe,

Barua yako imenifikia jana. Nimeandika majibu mawili nimeyachana. Hili ndilo la tatu, na sitaanza na salamu.

Acheni hiyo ndimu. Chemsheni maji. Leo, unapomaliza kusoma mstari huu, weka barua chini uende ukawaambie.

Nilikuandikia mkia unayeyuka. Sikukuandikia kijidudu kinakufa. Hukunielewa na mimi sikuona kwamba ningeweza kueleweka hivyo, nilikuwa nafurahia tu mambo yangu. Kijidudu kisicho na mkia ni kama mtu aliyevua viatu. Bado ni yeye. Anakula, anazaa, na anatengeneza vingine. Tena ukali ninaousema ni wa ndimu tupu. Ndimu moja kwenye debe zima haivui hata kiatu kimoja. Na kilichozama hakifi kwa kuzama. Mtoto akikinywa, tumboni kina joto na chakula, na kinajenga mkia upya.

Uliuliza unaota vipi. Haujengwi mzizini kama nywele, umemshinda Karanja. Kijidudu kinatengeneza punje ndani ya mwili wake, kinazisukuma moja moja kupitia lile tundu la katikati, zinasafiri mkia wote, na zikifika nje zinakaa kwenye ncha. Ndiyo maana ukiukata unarudi. Kilichoujenga bado kiko pale, kizima. Ungeniuliza hili kabla ya kupanda juu ya mkebe, Kang'ethe.

Chemsheni. Kama kamati inakataa kuni, ibeni.

Jerop

21 Januari. Nilitaka kuiposti Jumatatu, nikasema kwanza nimalize jaribio langu. Jumatano nimekuta wafanyakazi wa posta wote wa nchi hii wamegoma. Masanduku yamezibwa mdomo. Nimeuliza simu ya maandishi, dirisha limefungwa. Namtafuta mtu anayesafiri Nairobi. Bado sijampata.


Kariandusi
7 Februari 1971

Dada Jerop,

Umekuwa Mwingereza kweli. Mwaka mpya umekuja na hata kadi ya ng'ombe ndani ya theluji hukututumia. Ama umeolewa na profesa wa huko? Tuambie tukatae mapema.

Sisi ni wazima. Mama ni mzima. Machimboni nimepandishwa, sasa nashika toroli, na wale wa koleo wananiita bosi mbele yangu na kitu kingine nyuma yangu. Ndama amekufa lakini alikuwa dume.

Wangare ana homa kidogo. Si kitu. Inapanda jioni, asubuhi anaamka anaomba chai. Anasema kichwa kinamuuma. Mama amemfunga kitambaa na mimi namletea soda ya Gilgil, anakunywa nusu, nusu nyingine ananiambia nimalize, na unajua huyo hajawahi kumwachia mtu soda. Nimemwambia akipona nitampandisha toroli ya machimbo mpaka chini. Amesema ataendesha yeye.

Wale watoto wa Karanja wawili pia walikuwa na homa, wameshapona, wanakimbia. Kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Sijui hata kwa nini nimekuandikia hilo.

Andika, hata kama ni matusi.

Kang'ethe


Nakuru
28 Februari 1971

Jerop,

Ninaandika nikiwa Nakuru. Kuna jambo la Wangare, yuko kwenye hospitali kubwa, lakini wanamwangalia vizuri na kuna dawa. Mama amelala chini ya kitanda, wauguzi wamechoka kumfukuza.

Sitaki kukuandikia mengi. Niko na swali moja tu, na naomba ulijibu kama unavyonijibu siku zote, bila kunibembeleza.

Ile mikia ikishayeyuka, inarudi?

K.


Uingereza ya Kaskazini
12 Machi 1971

Mdogo wangu,

Mgomo umekwisha juzi. Barua zako mbili zimefika siku moja, na niliisoma ya pili kwanza.

Barua yangu ya Januari imeondoka juzi hiyohiyo, sikumpata msafiri, ikakaa juu ya meza yangu muda wote. Swali lako limejibiwa mle, kabla hujaliuliza. Inarudi.

Sasa nisikilize. Mwambie daktari alikunywa maji gani na tangu lini, usione haya. Dawa anayopewa wasiiache siku homa ikishuka. Homa ikishuka ndipo watu huiacha. Tumbo lake likiwa gumu kama ubao, au akilia ghafla halafu akanyamaza, usingoje asubuhi, uite mtu. Asile kitu kigumu. Hata akiomba.

Mwambie nimeona jina lake kwa mkono wake kwenye bahasha. Nimelikata nimelibandika kwenye kioo. Mwambie nakuja. Mwambie hivyo, hata kama sijui tarehe.

Mwezi wa Septemba, kabla hujaniuliza habari za Desemba, nilikuwa nimeshatia sahihi kukaa miaka mitatu zaidi. Sikujua nikuandikie vipi. Ndiyo maana nilijaza ile barua mikia.

Nijibu kwa ndege, siyo kwa meli.

Jerop


Kariandusi
21 Machi 1971

Dada,

Barua zako mbili nimezipata jana, pamoja, moja juu ya nyingine. Nilisoma ya Januari nikiwa nimekaa juu ya toroli.

Tumemzika Wangare tarehe sita. Alikufa tarehe nne, adhuhuri. Ilikuwa kama ulivyoandika. Tumbo liligeuka ubao. Alilia mara moja, halafu akanyamaza, na mimi nilifurahi nikifikiri amepata usingizi.

Mama amesema nisikuandikie zaidi ya hapo. Lakini kuna kitu kingine na nisipokuandikia wewe nitamwandikia nani.

Siku tuliyompeleka, muuguzi, anaitwa Jepkorir, alikuja na karatasi yake. Akaniuliza, "Wewe ni baba?"

"Mimi ni mjomba."

"Nyumbani mlikuwa mnachemsha maji?"

Nikasema, "Ndiyo, sista. Kila siku."

Wangare alikuwa amefumba macho, nilifikiri hasikii. Akasema, "Tunaweka ndimu." Muuguzi akainama. "Nini, mama?" "Ndimu. Mjomba alisema mikia inaisha." Halafu akaniangalia. Hakuwa na hasira, Jerop. Alikuwa ananisaidia. Aliona nimesahau jibu, akanisaidia.

Muuguzi hakunikaripia. Nilingoja anikaripie.

Kazini nimerudi. Wamenipa wiki ya kukaa nyumbani nikashindwa kukaa nyumbani. Mama hasemi nami ila "kula" na "funga mlango". Sijui unataka niweke nini chini ya barua hii, kwa hivyo naweka jina.

Kang'ethe


Uingereza ya Kaskazini
2 Aprili 1971

Kang'ethe,

Nimepata.

Siwezi kuandika habari za Wangare. Nimejaribu. Siwezi pia kukwambia si kosa lako, na siwezi kukwambia ni lako peke yako, kwa hivyo tuache hapo.

Kuna jambo moja haliwezi kungoja tumalize kulia. Hukuniandikia kama wale wengine wameacha ndimu. Mstari wote wa nyumba, uliniambia. Mpaka ng'ambo ya mfereji. Ndung'u ana watoto wangapi sasa? Karanja? Hao waliopona homa wanaweza kuwa bado wanavibeba tumboni, wakivirudisha mferejini bila kuugua.

Chukua barua yangu ya Januari. Nenda mlango kwa mlango. Usisimame juu ya kitu chochote. Isomee kila nyumba, pole pole, mpaka wachemshe. Hilo ndilo ninalokuomba na sina lingine.

Jerop


Kariandusi
16 Mei 1971

Dada Jerop,

Nakusalimu. Mama ameanza kula vizuri. Amepanda maua mahali unapopajua, nimemjengea uzio wa miba, mbuzi wa Ndung'u hawawezi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie kwamba nimemaliza. Nimekwenda nyumba zote. Nimekwenda mara ya pili.

Mara ya kwanza walinikaribisha, kwa heshima ya msiba. Walisikiliza, wakasema pole, wakanipa uji. Uji ule ulikorogwa na maji ya ndimu. Mara ya pili nilimkuta mke wa Karanja akikamua ndimu. Nikamwambia, "Mama, nimekusomea barua juzi."

"Nimesikia."

"Basi mbona?"

Akafuta mikono. "Kang'ethe, barua ya kwanza Jerop aliandika akiwa na moyo mzuri. Mpaka alicheka ndani yake, sote tulisikia ukisoma. Hii ya pili ameandika akiwa na mtoto kaburini. Simlaumu. Mtu akiungua anataka wote waungue."

"Hii aliandika Januari! Wangare alikuwa mzima, tazama tarehe."

"Na imekuja lini?"

"Machi."

"Baada ya kuzika."

"Kulikuwa na mgomo!"

"Mgomo," akasema, akamtazama mumewe, na Karanja akatazama nje. Halafu akanionyesha watoto wake, wako pale wanagombania tairi. "Hawa wanakunywa tangu Desemba. Waliugua, wakapona. Kwa sababu ya nini?" Nikamwambia kwa bahati. Akasema, "Bahati yangu ina ladha ya ndimu."

Nilijaribu kuwaeleza zile punje zinavyopita ndani ya bomba na kukaa kwenye ncha. Nilimenya hindi, nikatoboa katikati kwa waya, nikawaonyesha. Ndung'u akasema, "Haya, Daktari, lakini mwezi wa kumi na mbili ulisema inayeyuka." Nikasema nilikosea. Akasema, "Basi na leo unaweza kuwa umekosea." Wewe ungekuwa na la kumjibu? Mimi nilizoea kuwashinda wakiwa wanacheka, na sasa hawacheki.

Nilimwendea bwana afya Gilgil nikamwambia yote. Alikuja na pikipiki, akasema chemsheni. Mke wa Karanja akamuuliza kwa kuni gani. Kamati haijabadilika. Bwana afya akaandika, akaondoka.

Kwa hivyo naiba, kama ulivyosema. Natoka kazini, napitia nyuma ya miwati, nabeba mzigo. Mlinzi amenikamata mara moja akanipiga, mara ya pili akageuka upande mwingine. Kila Jumapili nachemsha madebe mawili pale mferejini, naweka vikombe, nafunika. Watu wakitoka kanisani wanapita, wananisalimia vizuri sana. Hakuna anayenitukana. Wanapita na madebe yao, wanachota ya mfereji, wanakwenda.

Ukija wewe mwenyewe, ukasimama mbele yao, ukasema kwa mdomo wako, pengine. Mimi niliwaingiza na kuwatoa siwezi. Umetia sahihi, najua. Sikulaumu. Nakuambia tu jinsi ilivyo.

Mtoto wa mwisho wa Ndung'u hajatoka nje tangu Alhamisi. Leo nilikaa na madebe yangu mpaka saa nane. Mama yake alikuja, na mtungi. Nilisimama, Jerop. Nilimjazia mpaka pomoni, nikamshukuru kama mjinga. Akaweka kidole ndani, akasema afadhali bado yana moto, mtoto analia miguu imeingia baridi, atamkanda nayo. Nikamuuliza ya kunywa je. Akasema ya kunywa anayo.

Kang'ethe